Farasi mgonjwa, siri ya zizini na fedha za watu

Jioni ya Ijumaa, tarehe 5 Novemba 2010, farasi jike aitwaye Life At Ten aliletwa uwanjani Churchill Downs, mjini Louisville katika jimbo la Kentucky nchini Marekani. Mbio zilizokuwa zikimngoja ni za Breeders' Cup Ladies' Classic, zenye zawadi ya dola milioni 2. Alikuwa na umri wa miaka mitano, na mwaka huo alikwisha kushinda mbio kadhaa kubwa. Waliocheza kamari siku ile walimweka katika nafasi ya pili miongoni mwa wanaotarajiwa kushinda, na fedha nyingi ziliwekwa juu ya jina lake.

Kabla ya mbio kuanza, waliokuwa karibu naye waliona jambo. Farasi alikuwa mzito na mchovu, hana uchangamfu wake wa kawaida. Mpandaji wake, John Velazquez, alihojiwa na televisheni ya ESPN akiwa juu ya mgongo wa farasi, dakika chache kabla ya kuingia kwenye geti la kuanzia, akasema wazi kwamba mnyama yule hapashi mwili kama ilivyo ada yake. Mamilioni waliokuwa mbele ya televisheni waliweza kuyasikia maneno hayo. Mtayarishaji wa matangazo akawapigia simu wasimamizi wa mbio, ambao ndio waamuzi wenye mamlaka ya kumtoa farasi mashindanoni. Wasimamizi wakapata habari, lakini hawakumwita daktari wa wanyama amtazame farasi yule. Geti likafunguliwa.

Life At Ten hakukimbia. Alitoka geti kivivu, akaachwa nyuma tangu hatua za mwanzo, na mpandaji wake akaona si haki kumsukuma. Alimaliza mbali sana nyuma ya wenzake. Baada ya mbio hakuchukuliwa vipimo vya damu wala mkojo, na hivyo hapakubaki ushahidi wa maabara wa kueleza nini kilimsibu. Na kila aliyeweka fedha yake juu ya farasi huyo aliipoteza, hali ya kuwa wako watu waliokwisha kujua kwamba mnyama hayuko sawa.

Tume ya mbio za farasi ya Kentucky ilifanya uchunguzi, na mwezi Machi 2011 ikatoa ripoti ndefu yenye kurasa nyingi. Mpandaji alikubali kulipa dola 10,000 ili shauri lake limalizike, bila ya kukiri kosa. Msimamizi mkuu wa mbio alipoteza kazi yake mwaka huohuo. Waliopoteza fedha zao hawakurudishiwa.

Kwa nini tulizungumze hili?

Huenda msomaji akauliza: gazeti la Waislamu lina nini na wacheza kamari wa Kentucky? Kamari ni haramu. Qur'ani Tukufu, katika Suratul Maida aya ya 90, imeiweka pamoja na ulevi na ibada ya masanamu, ikaiita uchafu katika kazi za shetani. Basi aliyepoteza fedha yake kamarini si amevuna alichopanda?

Hoja hiyo ina sehemu ya ukweli, lakini si ukweli wote. Haramu moja haihalalishi haramu nyingine. Mtu akienda mahali pa maasia akaibiwa mfukoni, aliyemwibia ni mwizi vilevile, na atasimama mbele ya Mola wake kujibu wizi huo. Udanganyifu haugeuki kuwa halali kwa sababu aliyedanganywa naye ana dhambi yake. Tena katika jambo hili wamo viumbe wawili wasioweka dau lolote: farasi, ambaye hana ulimi wa kusema kuwa anaumwa, na mpandaji, ambaye maisha yake yako juu ya miguu minne ya mnyama anayekwenda kwa kasi ya kilomita sitini kwa saa. Farasi mgonjwa akianguka katikati ya kundi, huanguka na mtu juu yake, na waliomfuata nyuma huwaangukia wote wawili.

Kuna sababu nyingine, nayo iko majumbani mwetu. Vijana wetu wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Nairobi hubeti kwa simu zao kila mwisho wa wiki juu ya mashindano ya nchi za mbali, katika viwanja wasivyowahi kuvikanyaga. Ni vyema wajue, na wazazi wao wajue, jinsi soko hilo linavyokwenda pale ambapo baadhi ya watu wana habari na wengine hawana.

Fedha ya farasi mgonjwa huenda wapi?

Katika viwanja vingi vya Marekani, Ufaransa na Hong Kong, dau huwekwa kwa mfumo wa mfuko wa pamoja, ambao asili yake ni Paris katika karne ya 19. Mchezaji hashindani na mwenye uwanja, hushindana na wachezaji wenzake. Fedha zote hukusanywa katika mfuko mmoja, mwenye uwanja na serikali hukata sehemu yao, na kinachobaki hugawiwa kwa waliompata mshindi.

Tufanye mfano mwepesi. Tuseme watu wameweka jumla ya shilingi milioni moja. Laki mbili zimekatwa, zimebaki laki nane. Katika ile milioni, laki tatu ziliwekwa juu ya farasi ambaye ni mgonjwa na hawezi kushinda. Laki tatu hizo hazikupotea hewani. Zimeingia mfukoni, na zitatoka kwenda kwa wale waliobeti juu ya farasi wengine. Ikiwa miongoni mwao yumo mtu aliyedokezwa na mchunga farasi kwamba yule mashuhuri amekohoa usiku kucha, basi mtu huyo amechukua fedha za wenzake huku macho yake yako wazi na ya wenzake yamefungwa.

Ndiyo maana kuficha ugonjwa wa farasi hakumletei kila mtu hasara sawa. Mwenye uwanja hukata sehemu yake farasi awe mzima au mgonjwa. Mwenye habari hupata faida. Anayeumia ni mtu wa kawaida aliyeamini kwamba kila jina lililoandikwa katika orodha ya mbio ni la mnyama mzima aliyekaguliwa.

Siri iliyokaa zaidi ya mwaka mmoja

Yaliyompata Life At Ten yalitokea mbele ya kamera. Yako mengine yaliyofanyika nyuma ya mlango uliofungwa.

Tarehe 7 Aprili 2018, farasi aitwaye Justify alishinda mbio za Santa Anita Derby huko California. Ushindi huo ndio uliomfungulia njia ya kuingia Kentucky Derby mwezi uliofuata. Vipimo vilivyochukuliwa baada ya mbio vikaonyesha dawa iitwayo skopolamini, iliyokuwa imekatazwa. Umma haukuambiwa. Justify akaingia Kentucky Derby akashinda, akaendelea hadi mwezi Juni akakamilisha mbio tatu kubwa zinazoitwa Taji la Mara Tatu, heshima ambayo farasi wachache mno wameipata katika historia ya Marekani. Mwezi Agosti 2018 bodi ya mbio za farasi ya California ilikutana kwa faragha ikalifuta shauri. Watu walikuja kujua mwezi Septemba 2019, gazeti la New York Times lilipoandika habari hiyo.

Bodi ilieleza kwamba dawa ile ilitokana na magugu yaliyochanganyika na majani makavu ya kulishia mifugo, na mkufunzi wa farasi, Bob Baffert, alikana kufanya kosa lolote la makusudi. Inawezekana kabisa kuwa maelezo hayo ni ya kweli. Lakini swali la umma ni jingine. Ikiwa maelezo yalikuwa mazuri kiasi hicho, kwa nini yasitolewe hadharani siku ileile, kabla watu hawajaweka mamilioni ya dola juu ya farasi yule katika mbio tatu mfululizo?

Jambo kama hilo lilirudi New York. Farasi aitwaye Forte alishinda mbio za Hopeful Stakes huko Saratoga mwezi Septemba 2022, kisha vipimo vikaonyesha meloksikamu, dawa ya kutuliza maumivu na uvimbe. Mkufunzi wake, Todd Pletcher, ambaye pia ndiye aliyekuwa mkufunzi wa Life At Ten, alisema hakuwahi kumpa farasi huyo dawa hiyo. Habari ya vipimo haikutangazwa. Kwa miezi minane Forte aliendelea kukimbia, akashinda mbio kubwa, akatangazwa kuwa bingwa wa farasi wa umri wake, na watu wakaendelea kumbetia. Mwezi Mei 2023 habari ilipofichuka, ndipo alipovuliwa ushindi wa Saratoga.

Dawa ya maumivu si jambo dogo kwa mnyama wa mbio. Maumivu ni mlinzi aliyewekwa na Muumba, humwambia mnyama asiutumie mguu ulioumia. Ukimnyamazisha mlinzi huyo, farasi atakimbia juu ya mfupa wenye ufa mpaka uvunjike. Na mguu wa farasi ukivunjika uwanjani, mara nyingi mwisho wake ni sindano ya kumuua. Katika msimu mmoja tu, ulioanza mwishoni mwa 2018 hadi Juni 2019, farasi 30 walikufa katika uwanja wa Santa Anita. Mwaka 2023, katika majuma machache ya masika, farasi 12 walikufa Churchill Downs.

Mvua haikuwa kosa la mfanyabiashara

Katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya Mtume (SAW) alipopita sokoni akaingiza mkono wake ndani ya rundo la nafaka. Vidole vyake vikakutana na unyevu. Alipomuuliza mwenye mali, akajibu kuwa mvua ilinyesha juu yake. Mtume (SAW) akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ya rundo ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye.

Tulizingatie tukio hili vizuri. Mvua haikuwa kosa la mfanyabiashara yule. Nafaka kulowa ni jambo la Mwenyezi Mungu, na hakulaumiwa kwalo. Kosa lilikuwa ni kuipeleka iliyolowa chini na kavu kuiweka juu. Vivyo hivyo farasi kuumwa si kosa la mwenyewe. Kila kiumbe huugua. Kosa ni kumpamba farasi mgonjwa kwa hatamu inayong'aa, kumpitisha mbele ya watu, na kuandika jina lake katika orodha kana kwamba hakuna kitu.

Juu ya msingi huo wanavyuoni wa fiqhi walijenga mlango mzima wa khiyari ya aibu. Mtu akinunua mnyama, kisha akagundua kasoro iliyokuwapo tangu kwa muuzaji naye hakuambiwa, ana haki ya kumrudisha na kurudishiwa fedha yake. Sheria za mbio za kisasa, pamoja na maabara zake zote, bado hazijafika hapo. Mwaka 2021 Medina Spirit alitangulia katika Kentucky Derby, kisha akakutwa na dawa aina ya betamethasoni, na mwezi Februari 2022 akavuliwa ushindi, akapewa Mandaloun aliyekuwa wa pili. Waliombetia Mandaloun hawakulipwa kitu, kwa kuwa kanuni inasema malipo ya siku ya mbio hayabadilishwi. Zawadi ya wenye farasi ilibadilishwa mikono, ya watu wa kawaida ikabaki ilikolalia.

Tena Uislamu haukukataza mbio za farasi. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (RA) kwamba Mtume (SAW) alishindanisha farasi Madina. Wale waliokwisha kufanyiwa mazoezi na kukazwa miili walipewa masafa marefu, kutoka Hafya hadi Thaniyyatul Wadaa. Wale ambao hawajafanyiwa mazoezi walipewa masafa mafupi, kutoka Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq. Hali ya kila farasi ilijulikana, na kila mmoja akapewa kwa kadiri ya uwezo wake. Wanavyuoni wakaruhusu zawadi itolewe na kiongozi au mtu wa tatu asiyeshindana, na wakazuia kila mmoja kuweka mali yake ili mshindi azoe ya mwenzake, kwa kuwa hiyo ndiyo kamari yenyewe.

Kuondoa kamari peke yake hakutoshi

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba kamari ikiondoka basi na udanganyifu umeondoka. Tarehe 29 Februari 2020 Riyadh ilifanya kwa mara ya kwanza mbio za Saudi Cup, zenye zawadi ya dola milioni 20, katika nchi ambayo kamari ni marufuku. Mshindi alikuwa farasi wa Marekani, Maximum Security. Siku chache baadaye mkufunzi wake, Jason Servis, alishtakiwa nchini kwao pamoja na watu wengine zaidi ya ishirini kwa kuwapa farasi dawa za siri. Wenye mashindano wa Saudia wakazuia fedha ya zawadi wakaanza uchunguzi wao, na hatimaye farasi huyo akavuliwa ushindi. Servis alikiri makosa, na mwaka 2023 akahukumiwa kifungo cha miaka minne.

Palipo na zawadi kubwa pana tamaa, iwe kuna kamari au hakuna. Kinachozuia tamaa ni amana, na amana hulindwa kwa uwazi.

Wako waliojaribu uwazi huo. Klabu ya mbio za farasi ya Hong Kong huchapisha kumbukumbu za matibabu za kila farasi wake: aliyechechemea, aliyetokwa na damu katika njia ya hewa, aliyefanyiwa upasuaji, na tarehe zake. Mtu yeyote anaweza kuzisoma. Uingereza, tangu mwaka 2018, humlazimu mkufunzi kutangaza kuwa farasi wake amefanyiwa upasuaji wa njia ya hewa kabla ya kurudi mbioni. Marekani yenyewe, baada ya misiba hiyo, iliunda mamlaka moja ya taifa ya usalama wa mbio za farasi, iliyoanza kusimamia kanuni za usalama mwezi Julai 2022 na kanuni za dawa mwezi Mei 2023.

Wapinzani wa uwazi wana hoja zao. Husema kwamba habari za farasi ni mali ya mwenye farasi, kwamba wapinzani watazitumia, na kwamba umma usio na elimu ya tiba utatishwa na kila kikohozi. Hoja hizi si za kupuuzwa. Hakuna anayetaka kila uvumi wa zizini utangazwe. Lakini kilichoonwa na daktari rasmi, kilichopimwa na maabara rasmi, na kilichosemwa na mpandaji kwa wasimamizi, hicho si siri ya mtu mmoja tena. Anayewaalika watu watoe fedha zao juu ya mnyama hawezi kudai kwamba hali ya mnyama huyo haiwahusu.

Neno kwa wazazi

Turudi nyumbani. Kijana anayebeti huamini kwamba anatumia akili. Amesoma takwimu, anajua nani alishinda wiki iliyopita, na hujiona hodari kuliko wenzake. Hajui, na hana njia ya kujua, nani ameamka na homa, nani amechomwa sindano, na nani ameambiwa aanguke. Wanaojua hayo wako upande wa pili wa meza. Na katika baadhi ya maduka ya kubeti mijini kwetu huonyeshwa mbio za farasi waliochorwa na kompyuta, ambako hata huyo farasi wa kuugua hayupo. Kuna programu tu, na mwenye programu.

Kumkataza mtoto kwa ukali peke yake huenda kusifue dafu. Tukae naye tumweleze. Tumsimulie habari ya Life At Ten, jinsi mpandaji alivyosema, televisheni ikasikia, wasimamizi wakapigiwa simu, na bado geti likafunguliwa na fedha za watu zikaenda. Kisha tumuulize: ikiwa Marekani, penye kamera na tume na mahakama, mambo yalikwenda hivyo, wewe uliye na simu mkononi Temeke au Likoni ni nani atakayekupigia simu kukueleza?

Na sisi wenyewe tujiulize katika biashara zetu. Anayeuza ng'ombe mnadani akijua ana ugonjwa, anayeuza pikipiki akijua injini imekwisha, anayechanganya mchele wa zamani na mpya: wote hao wamesimama mahali alipokuwa mwenye nafaka iliyolowa. Njia ya kutoka hapo ni ile aliyoonyeshwa yeye, nayo ni kuweka kilicholowa juu, watu wakione, kisha anunue atakayenunua kwa ridhaa yake.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wakweli katika tunayoyauza na tunayoyasema, na atukinge sisi na watoto wetu na mali isiyo na baraka. Amin.